Daftari la Jumamosi

Tulilikuta nyuma ya kinu cha Andati,
daftari la klabu, pembe zimeliwa na mende,
majina arobaini na moja kwa wino wa buluu,
la mwisho limekatikia njiani:
Mukolwe Pet
kana kwamba mwandishi aliitwa kula
asirudi miaka saba.

Ayuma akasema, tuanze na hawa.
Yeye ni fundi cherehani, ana wateja wenye hasira;
mimi nina baiskeli, na Jumamosi hazina mwenyewe.
Tukapita boma kwa boma, Manyala hadi mto Lusumu.

Wa kwanza yuko Ruiru, analinda godauni.
Wa pili kaolewa Busia, anatuma salamu.
Wa tatu, mamake alitupeleka hadi kwenye migomba
akatuonyesha udongo uliovimba.
Hapo hatukuandika kitu.
Wa nne tulimkuta. Akauliza, "Mnatoa nini?"
Tuna chumba, tukasema, na benchi tatu,
na paa lenye macho.
Akacheka. Kicheko chake
nilikibeba kwenye kerieri mpaka nyumbani.

Jumamosi ya kwanza walikuja wawili,
mmoja wao mbuzi.
Wa pili, Wesakulila, alifuata stima ya kinu:
simu yake ilikuwa imezimika.
Ayuma hakumhubiria. Alimpa sindano
na jezi kuukuu yenye tundu la ngumi.
Simu ilipojaa, tundu lilikuwa nusu.
Akaangalia simu. Akaangalia jezi.
Akaomba uzi zaidi.

Wiki iliyofuata alileta binamu wanne na chaja nne.
Andati akapiga kelele, tokeni zangu si sadaka!
Basi wakamfagilia kinu, wakamshonea magunia,
naye akanung'unika kwa sauti ya chini,
na kwa Andati hiyo ni baraka.

Wasichana je? Chifu alisema ni wavivu.
Tuliweka mkutano saa tisa, sisi wenye akili,
saa ambayo kila msichana wa kijiji
yuko kisimani na mtungi.
Nani alituambia? Hakuna. Hatukuuliza.
Ni Ayuma aliyekwenda kuchota akarudi amenuna:
"Klabu iko kule, nyie mnalinda benchi."
Tukabeba benchi.
Foleni ya maji ikawa kikao,
mitungi ikapanga mstari, watu wakapanga maneno.

Sitadanganya: wengine walikuja mara moja, basi.
Mvua ya Aprili ilitufukuza wiki tatu.
Mpira ulipasuka, wa kununua mwingine hakuna.

Jana akafika mwanamke, mtoto mgongoni,
akafunua daftari hadi ukurasa wa mwisho,
akasimama hapo kitambo,
akaomba kalamu.
Ikawa nyeusi, buluu hatukuwa nayo.
Akamalizia: ronila.
Kisha akauliza
benchi ipi haiyumbi.