Juzuu ya Pili

Kutoka Upanga mpaka Mtaa wa Mirambo
ni hatua elfu tatu na ushei. Nimezihesabu.
Kwapani jalada la siri, uzi umekazwa, lakiri imekauka.
Siruhusiwi kusoma.
Lakini tarishi wa miaka kumi na tisa
husoma jalada kwa uzito wake.

Hili lilianza jepesi, mwezi wa nne, mvua zikinyesha:
kiwanda cha risasi cha Kipawa kinazama,
mishahara miezi minane, umeme umekatwa,
nani atakiokoa?

Wakajitokeza wawili.
Mmoja wa ng'ambo, karatasi zake nene, nembo ya dhahabu.
Wa pili wa hapa hapa, matajiri watano wa Kisutu
na fedha za mfuko wa pensheni
(zetu hizo, tusisahau).

Fedha wakamtaka wa ng'ambo.
Ulinzi wakamtaka wa Kisutu.
Asubuhi nabeba dokezo la Bwana Nyalusi, wino mwekundu:
*Haiwezekani mgeni akabidhiwe ufunguo wa ghala la silaha.*
Jioni narudi na la Bwana Rwezimula, wino wa kijani:
*Mzalendo asiye na fedha ni mgeni aliyechelewa kufika.*
Jalada nimelivika mfuko wa nailoni.
Mimi nalowa.

Bi Sikudhani, mpiga chapa wa Ulinzi, aliniambia
kadiri matusi yalivyozidi
ndivyo "kwa heshima na taadhima" ilivyorefuka,
mpaka utepe wa mashine ukapauka kwenye herufi ya H.

Tuliambiwa mafahali wawili hawakai zizi moja.
Uongo. Hawa walikaa, wakanenepa,
wakapigiana simu za Idi na za Krismasi.
Lililokuwa likiuzwa ni zizi.

Shemeji yangu Ngwandu ni mkereza wa Kipawa.
King'ora kimenyamaza tangu mwaka jana,
naye saa moja kasorobo yuko getini,
anaingia gizani, anapapasa mashine yake
kama mtu anayemtafuta mgonjwa kitandani,
anaipaka mafuta ya nazi
aliyomwibia dada yangu, ya nywele.
"Chuma hakijui neno *mchakato*," husema.
"Kinajua kutu. Na upepo wa chumvi
hausubiri kamati."

Kamati zilikuwepo. Ya Fedha, ya Ulinzi,
kisha ya kuzipatanisha hizo mbili,
iliyokaa wiki tatu ikibishana nani awe mwenyekiti,
na wiki ya nne nani alipe chai.
Nilibeba ankara ya chai. Ilikwenda na kurudi mara sita.

Jalada likavimba. Nikalihamisha kwapa la kulia,
kisha likanishinda kwapa, nikalibeba kifuani
kama mtoto wa watu.

Sabasaba ofisi zilifungwa.
Kwenye maonyesho Kipawa walikuwa na banda moja, la mwisho, karibu na vyoo,
wakiuza vijiko walivyofua kwa shaba ya maganda ya risasi.
Nilinunua viwili. Vilikuwa vizito, vizuri,
ukivilamba vina ladha ya sarafu.
Siku ile hakuna aliyegombana na yeyote.

Kesho yake, kwenye ngazi, Bi Sikudhani akaninong'oneza:
barua zote mbili, ya dhahabu na ya Kisutu,
ziliandikwa kwamba ofa itadumu siku tisini.
Ya tisini ilikuwa jana.

Nilitazama madirisha ya wizara.
Nilidhani nitaona mtu ameshika kichwa.
Nikaona pazia, feni, na mtu akimenya chungwa.

Pale masjala karani akalipima jalada kwa kidole gumba:
"Limejaa hili. Funga. Fungua juzuu ya pili."
Akanipa gamba jipya, la rangi ya udongo,
ndani dokezo moja, mstari mmoja:
*Tafadhali rejea suala hili tangu mwanzo.*

Jioni Ngwandu alinisubiri barazani,
mikono inanukia nazi.
Hakuniuliza siri za serikali, hajawahi.
Huuliza hivi tu:
"Leo lina uzito gani?"

"Jepesi," nikamjibu.

Akacheka, akapiga kofi pajani,
akamwita dada yangu amletee kile kichupa cha mafuta,
na safari hii aliomba.