Mche wa Sabuni

Turabali hukata mche kwa uzi, si kwa kisu.
Anauzungushia, anavuta, kipande kinadondoka
bila chembe kupotea. "Sabu," anasema,
akikifunga kwa gazeti la juzi,
"neno la kwetu hili, la babu zangu wa Kachi."

Nikamwacha nalo. Makarai mawili yalikuwa yananingoja.

Kwa Ornella, Kasuarina, shuka kumi na nne.
Anachovya vidole povuni kama mtoto.
"Sapone," anasema, na kucheka:
mmetuibia hilo, mkalianika juani likabadilika rangi.

Hodhani, akileta mabuibui yake Alhamisi,
"Saabuun," alilivuta kama kamba ya kisima,
"nasi tulilipata kwa Waarabu, usidanganywe."
Mwarabu wa kuulizwa hakuwapo.
Angekuwapo, labda naye
angenyoosha kidole baharini.

Mimi nafua. Maneno si kazi yangu.
Nilianza nalo hili enzi za kauka-nikuvae,
gauni moja, jua moja,
na sikuuliza kabila lake.
Ila mikono ikiwa majini akili hutembea,
nikaona neno limepita viganjani mwa watu
kama mche wenyewe:
huyu kala ncha, yule kalipunguza kiuno,
na hakuna aliyelirudisha jinsi alivyolikuta.
Sisi nasi, tusiopenda neno liishe
midomo ikiwa imefumba,
tukalitia *i* mwishoni, kijishikio,
lisituponyoke.

Sasa hili la juzi.
Kafa mama yake Hodhani, hapa hapa Maweni.
Jamaa walifika usiku kutoka Garisa,
wanawake wanne, Kiswahili chao salamu tu,
na salamu yenyewe imekatika kwa kilio.
Mama yangu ndiye muoshaji.
Akanitaka nishike ndoo.
Chumba kidogo, udi, pazia la kanga,
nyayo za marehemu bado zina hina ya Idi.
Mama akakunja mikono ya gauni,
akasema neno moja
bila kugeuka.

Mikono minne ikamfikia kwa pamoja,
kila mmoja na kipande.

Akachukua kilicho karibu.
Nikamimina maji.