Droo ya Kumi na Nne

Kabati la kwanza tulipewa na benki iliyofilisika.
Kwenye droo bado imeandikwa: Mikopo, Riba, Wasiolipa.
Panya wa nyika niliwalaza kwenye Riba,
kwa kuwa wanazaana.

Hapa Laguna Parda upepo haupigi hodi.
Unaingia na mchanga, unatoka na karatasi,
nami naandika lebo kwa penseli,
maana wino hukimbia ukiguswa na spiriti,
na penseli, ukiitazama vizuri, haina makuu.

Evaristo Nahuelpan wa idara ya barabara
huniletea walioshindwa kuvuka.
Hupiga honi mara mbili akiwa na mbweha,
mara tatu akiwa na kicheche,
ili nifungue madirisha kabla ya mlango.
"Kilomita ya arobaini na moja, upande wa mto,"
husema, na hilo ndilo nilitakalo kuliko mzoga.
Ngozi isiyo na mahali ni ngozi tu,
kashone viatu.

Aliyenitangulia, marehemu Daktari Oberlindner,
alikusanya miaka thelathini, akaandika "mlimani".
Mlimani wapi, Daktari? Milima imetuzunguka.
Mafuvu yako sitini na mawili yananitolea meno
na hakuna hata moja linalojua kwao.

Kazi yenyewe si ya kusimuliwa mezani.
Unapasua tumboni, unavua ngozi
kama soksi ya mtoto aliyelala,
unga wa mahindi juu ya damu, pamba badala ya mwili,
waya ndani ya mkia. Pima: mwili, mkia, wayo, sikio.
Fungua tumbo la uzazi. Hesabu.
Viinitete vinne, milimita sita kila kimoja.
Hayo nayo huandikwa, kwa mkono uleule.
Mifupa nawaachia wadudu wangu kwenye sanduku la kioo.
Wiki moja tu, hawabakishi hata kano,
na hawajawahi kuniuliza habari ya mshahara.

Friza tuliyonunua ilikuwa ya aiskrimu.
Mwanafunzi mmoja, Eluned, akasoma kifuniko: Stroberi.
Akafungua.
Puma alikuwa amejikunja kama paka wa mtu.

Puma huyo aliletwa usiku na mfugaji wa kondoo,
akavua kofia, akasema, "Jina langu usiandike."
Lebo ina nafasi ya jina.
Nimepaacha wazi, pameng'aa weupe,
na watakaokuja baada yangu
watapachunguza hapo kuliko makucha.

Sungura wa Ulaya nilimkataa mwaka mzima.
Huyu mgeni, nikasema, alishushwa melini.
Mama akanitazama juu ya miwani:
"Na babu yako alishuka wapi?"
Namba 318. Sungura. Jike.

Kila Machi kamati ya mkoa huja kuuliza
kwa nini panya mia mbili wa aina moja.
Navuta droo. Wa mtoni wameiva rangi,
wa jangwani wamepauka,
na wa mwaka ule mlima ulipotutapikia majivu
meno yamelika kama ya vikongwe.
Panya mmoja ni uvumi, nawaambia.
Wanatazama saa zao.

Droo ya kumi na nne ni ya huemuli,
paa wa milima yetu, ambaye wengi hapa
humjua kwenye sarafu na nembo tu.
Ndani mna pembe moja. Si mbili.
Mlinzi wa msitu aliiokota kwenye theluji inayoyeyuka,
imedondoka yenyewe, kwa majira yake.
Kamati imeandika: droo tupu, hasara ya nafasi.
Mimi huifungua kila asubuhi, naikuta ileile moja,
naifunga taratibu.
Mwenyewe yuko huko juu, ameota nyingine.

Nje honi imelia. Mara moja tu.
Hiyo hatukuwahi kukubaliana maana yake.