Kabla Sijawasha Mashine

Vueni viatu. Mchanga wa Matema ubaki Matema.
Wewe mwenye shati jekundu, sogea katikati;
boti hii haina ugomvi na mtu, ila inajua uzito.
Naitwa Anangisye. Mashine ni ya mkopo.
Nauli mmeshalipa, basi nisikilizeni kidogo
kabla kelele haijatuzidi.

Tunakwenda mawe ya Ikombe,
pale mlima unapoingia majini bila kupiga hodi.
Tutapishana na mitumbwi ya vyungu. Tutapunguza mwendo;
wimbi letu likivunja chungu, hakuna wa kukilipa.
Kuna fisi maji wawili, labda watatu.
Kuna furukombe juu ya mkuyu uliokauka upande mmoja.
Nasema kuna.
Sisemi mtawaona.

Miaka sita nilikuwa fundi wa kuwaonyesha.
Alfajiri nilinunua perege wadogo kwa mama Tupokigwe,
nikawapasua, nikawajaza vipande vya matete
ili waelee, matumbo juu, kama wanaoomba dua.
Nikipiga mluzi mara mbili, namna hii,
hapana, leo sipigi,
furukombe alishuka, mabawa wazi, kucha mbele,
kamera zikalia kama panzi,
na noti zikanifikia zikiwa bado na joto la mfuko.
Niliona fahari, jamani.
Ndege mzima anaitikia jina asilopewa na mamaye!

Ukaja mwaka wa mvua. Barabara ya Ipinda ikakatika.
Wiki tano hakuna mgeni, hakuna perege, hakuna mluzi.
Asubuhi moja nikamsikia Lusubilo akitukana ziwani:
ndege alikuwa ametua kwenye maboya ya nyavu zake
akingoja kurushiwa.
Alipochoka kungoja akajichukulia,
nazo nyuzi zikamchukua yeye.
Tulizikata kwa kisu cha kumenyea ndizi.
Bawa halikurudi mahali pake.
Lusubilo hakusema neno. Alinitazama mikono,
mmoja, kisha wa pili,
kama mtu anayetafuta kitu chake kilichopotea.

Siku ya tatu akafa. Tukampasua.
Samaki hatukumkuta.
Tulikuta matete yangu, yameshikamana kama ukili.

Aliyepo mkuyuni sasa ni mwingine.
Mjane wake, au mtoto, sijui.
Huyu hajui mluzi wangu.

Basi nitazima mashine mbali, tutapiga kasia.
Mkate wako, dada, ule wewe.
Karanga vilevile, na maganda yake mfukoni.
Fisi maji akipita na mtoto mdomoni, tutageuza,
hata kama kamera yako ndiyo kwanza inafunguka.

Mtaiona boti ya bluu. Ni ya Gwakisa.
Yeye bado anarusha. Watashangilia kule, mtawasikia,
na mtanitazama mimi kama mpishi aliyesahau chumvi.
Gwakisa huniambia, mkono mtupu haulambwi.
Namjibu ni kweli, kaka,
ndiyo maana nauleta mtupu.
Jibu zuri. Halinunui petroli.
Mwezi uliopita nilirudisha nauli ya watu wanne
walioona maji, mawe, na mgongo wangu.
Tumpe alihesabu kilichobaki, akahesabu tena,
akainua sufuria, akachungulia:
"Angalau siku hizi perege tunawala sisi."
Sijui kama alikuwa anacheka. Alikuwa amenipa kisogo.

Haya, nasukuma.
Ukiona kitu usipige kelele, niguse bega.
Usipoona kitu, niguse vilevile,
nijue bado uko macho.
Ninyi wa nyuma, inueni miguu.
Maji ya kwanza huingia baridi.