Sindano Kumi na Mbili

Kwenye fomu yeye ni mshiriki themanini na sita.
Jina halitakiwi, kanuni za utafiti zinakataza,
lakini aliketi, akakung'uta manyunyu ya Julai kwenye leso,
akasema: "Mimi ni Mmbone. Nashona sare kule Huruma.
Kama una mtoto shule za huku, huenda amenivaa."

Maswali ni ishirini na manne.
Yametungwa na watu wenye viti vya kuzunguka,
yakatafsiriwa, yakajaribiwa, yakagongwa muhuri.
Swali la tisa: katika wiki nne zilizopita,
macho yako yamekuzuia kufanya kazi?
Hapana kabisa. Mara chache. Mara nyingi. Kila siku.

"Hapana kabisa."

Nami picha ya macho yake nilikuwa nayo mezani,
vishipa vimepasuka nyuma ya mboni
kama wino uliomwagikia daftari.
"Kabisa, mama?"
"Kabisa. Cherehani niliiuza, lakini mkono ninao.
Kageha, mjukuu wangu, huamka gizani kabla ya shule,
ananitungia sindano kumi, anazichomeka kwenye mto wa kiti,
mikia inaning'inia, sita myeupe, minne samawati.
Ya kumi ikiishiwa uzi, siku yangu imekwisha,
hata jua likiwa bado juu ya paa la kanisa.
Sasa wewe msomi niambie, huko ni kuzuiwa?"

Kalamu yangu ikaning'inia juu ya visanduku vinne.

"Na za insulini?"
"Mbili. Hizo sihitaji mtu, tumbo ni pana.
Nazungusha kalamu yake, nahesabu mlio,
ti, ti, ti, mpaka kumi na nane.
Dawa yenyewe inalala mtungini, kwenye mchanga uliolowa.
Friji iko kwa jirani, na jirani ana maneno."
Alicheka. Swali la kucheka halimo.

Kisha miguu.
Nilipiga magoti na ule uzi wa nailoni,
mgumu kama unywele wa mkia wa ng'ombe.
"Fumba macho, mama. Ukisikia, sema ndiyo."
Kwa lugha yetu unyayo nao husikia,
basi unyayo nao huweza kuwa kiziwi.
Dole gumba. Kimya.
Chini ya kidole cha mwisho. Kimya,
ila mchuuzi barabara ya Juja akinadi parachichi.
Nikaondoa mkono, nikapumzisha goti.
"Ndiyo," akasema.
Sikuwa nimemgusa popote.

Kati ya vidole viwili palikuwa na kidonda,
upana wa kifungo cha shati, kimeanza kutunga usaha.
"Hiki kiliingia lini?"
Aliinama, akatazama upande ambao sipo.
"Sijui. Ila Ijumaa jioni nilizihesabu sindano,
zikawa tisa.
Nikadhani Kageha amekosea."

Nilimwandikia karatasi ya chumba cha vidonda, leo, si kesho,
nikamwita muuguzi aje na kiti cha magurudumu.
Alikataa kiti. Akaomba uzi wangu,
akausugua kati ya kidole na kidole,
akaupima urefu kwa dhiraa, akaunusa,
akanirudishia.
"Huu uzi wenu haushoni kitu."

Kwenye swali la tisa niliandika alichojibu.
Pambizoni niliongeza: sindano kumi, mjukuu, gizani.
Daktari Okwemba alisoma, akasoma tena,
akavua miwani. "Pambizo haziingii kwenye hesabu," alisema,
lakini hakuifuta.
Kompyuta ilipokea sifuri.

Sasa ni saa nne usiku, mvua imerudi,
nami natunga haya kwa balbu inayofifia.
Sijui mguu umesemaje kule chumba cha vidonda.
Najua tu kwamba mahali fulani Huruma
kuna mtoto ameweka kengele ya saa kumi na moja,
na kwamba kesho, kabla ya uzi,
atapitisha kiganja sakafuni,
polepole, kutoka mlangoni hadi kitandani.