Mgongo wa Toru

Mara ya kwanza nililaumu nyuki.
Mara ya pili nililaumu upepo wa At-Bashi,
ule unaoteremka na meno ya theluji.
Mara ya tatu nilikuwa chali kwenye matope ya Aprili,
nyasi kinywani, damu kwenye ulimi,
na Toru amesimama hatua kumi kutoka kwangu,
hatamu chini, mbavu zikipanda na kushuka,
akinitazama kama mtu aliyepiga hodi
mpaka akauvunja mlango.

Ami Ormonbek akanitupia mjeledi.
"Shukrani ya punda ni mateke," akasema,
"na huyu ni punda aliyerefuka."
Nikaudaka. Ulikuwa mwepesi.
Ulikuwa tayari.

Asilkan alikuwa akitoka kukamua majike, ndoo mkononi.
Hakusema nami. Alisema na mgongo.
Akavua tandiko, akalaza kiganja nyuma ya mabega,
akakipitisha polepole kuelekea kiunoni
kama anayetafuta sindano iliyopotea ndani ya shuka.
Upande wa kushoto, pana vidole vinne,
ngozi ikatetemeka,
sikio likalala,
mkia ukachapa hewa.

"Hapa," akasema.
"Alianza kukwambia kwa sikio, ulipokaza ukanda wa tumbo.
Akakwambia kwa mgongo, alipoukunja kama paka.
Akakwambia kwa mkia. Ulikuwa wapi?
Miguu ya nyuma ni neno lake la mwisho,
nawe ndilo pekee ulilolisikia."

Kisha akaligeuza tandiko,
nami nilijua kabla hajaligeuza.

Kaka yangu Sadirkul alilichonga mwenyewe
msimu mmoja wa baridi, karibu na jiko,
kwa ajili ya farasi wake wa kijivu, mwembamba kama ubao.
Mto Naryn uliwachukua wote wawili.
Tandiko lilikuwa nyumbani, likingoja msumari.
Miaka miwili nimelipaka mafuta ya kondoo,
miaka miwili nimelinusa nikidhani hakuna anayeniona,
na sikuuliza hata siku moja
kama mti uliochongwa kwa mgongo mwembamba
unaujua mgongo mpana.
Tulikuwa wawili juu ya Toru, mimi na marehemu,
na marehemu ndiye aliyekuwa mzito.

Wiki tano hakupandwa. Nilitembea naye kwa miguu
hadi watoto wa jirani wakanicheka.
Ami alikata ulimi wake kwa meno, akanyamaza.
Kisha Asilkan akaniazima tandiko lake,
na onyo juu yake:

"Atakurusha tena. Kidonda hupona, woga hubaki.
Atashusha kichwa kwanza; bila kichwa chini
mgongo hauwezi kupinda.
Usivute hatamu zote mbili kama anayevuta ndoo kisimani,
atakuegemea, na shingo yake inaishinda mikono yako.
Vuta moja. Lete pua hadi gotini kwako,
mzungushe mpaka miguu ya nyuma ipishane.
Akitulia, mwachie aende mbele, mbele tu.
Na upumue, mwanamke. Ukizuia pumzi
atadhani umemwona mbwa mwitu."

Ilikuwa Juni, kwenye kijito kilicho chini ya malisho.
Kichwa kikazama.
Nilihisi mgongo ukijaa chini yangu kama mkate unaoumuka.
Mkono wa kushoto. Pua. Goti.
Tukazunguka mara mbili, mara tatu, maji yakituruka,
kama watu wawili waliokutana mlangoni,
pita wewe, hapana, pita wewe.
Halafu akashusha pumzi ndefu yenye kamasi
ikaniloweshea kiatu.
Nikasahau kwamba na mimi nilipaswa kupumua.

Tandiko la Sadirkul linaning'inia ndani ya hema la sufu.
Ijumaa bado nalipaka mafuta.
Ami hupita chini yake akiinama
ingawa halimfikii kichwani.

Na pale kwenye mgongo, pana vidole vinne,
pameota nywele nyeupe katikati ya ule wekundu.
Napapiga brashi taratibu kila asubuhi.
Sikio moja bado hugeuka.