Swichi ya Traudel

Kwanza chomoa plagi. Hilo Traudel Hübler
halisemi, hulitenda; mkono umeshalizoea.
Nje theluji imefika kizingiti cha dirisha,
na mji mzima wa milimani unasubiri
matao yake ya mishumaa, wachimbamadini wa mbao
na malaika wembamba kama biskuti.

Msumeno wa nakshi umegoma tena.
Unabonyeza: kimya.
Unabonyeza: unakohoa, unazimika.

Si mota. Ni swichi,
kinywa kidogo kilicholishwa unga wa mbao za lindeni
tangu Septemba, bila kuulizwa kama kimeshiba.

Skrubu mbili. Anaziweka kwenye kifuniko cha chupa ya jamu;
sakafu hii anaijua, ikimeza hairudishi.

Reinhold, enzi zake, alikuwa akipuliza kwa mdomo:
mate yakaingia, vumbi likawa uji,
uji ukakauka, ukawa saruji.
"Fundi wa kuchonga, Reinhold wangu.
Wa kusafisha, hapana."

Yeye huazima brashi ya mjukuu, ya rangi za maji,
akapitisha taratibu
kama anayefuta kope za mtoto aliyelala.
Kisha anakata kidole cha glavu ya mpira,
ile ya kuoshea vyombo, ya njano,
anaivisha swichi, anakaza kwa uzi.

Vumbi halibishi hodi.
Basi na mlango usiwepo.

Plagi. Kidole juu ya kidole.
Msumeno unaanza kunong'ona,
na malaika wa hamsini na tatu
anapata bawa la kushoto.